Meno ya Mume, Kinywa cha Mwingine

Mzee alicheka, na meno ya mume wa mtu yakacheka naye.

Hapo ndipo tulipomwacha Fundi wiki iliyopita, kikombe cha chai kikiwa njiani kwenda mdomoni. Najua wapo kati yenu walionuna, wakasema mwandishi huyu hana huruma. Kweli sina. Lakini leo mtaona wapo wanaonishinda.

Kwa aliyelikosa gazeti lile, mambo yako hivi. Mwanamke huyu hutengeneza meno ya bandia huko kwao, na mtaa mzima humwita Fundi. Mumewe, Dereva, alikwenda ng'ambo kuendesha malori. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akawa anapiga sikukuu kwa sikukuu. Kisha kimya. Mama mkwe akataka msiba uwekwe, mama mzazi akataka binti avue pete aolewe na mtu mwingine. Fundi akawakatalia wote wawili. Akafunga karakana, akapanda ndege, akasema atarudi na jibu moja tu: yeye ni mke au ni mjane.

Katika simu ile ya mwisho, nyuma ya sauti ya mumewe zilisikika nyundo zikigonga chuma. Ndiyo maana asubuhi hii alijitosa katika mtaa wa kale wa mafundi, kamera shingoni kama mtalii. Na wenyeji jamani, wakarimu kupita kiasi! Mshona viatu aliacha kiatu cha mteja akamsindikiza mpaka kona ya pili. Muuza maua akampa ua bila kudai kitu. Halafu huyu mzee, fundi wa kufuli, akatoka dukani mwake na kumsalimia kwa lugha ya huko kwao Fundi: "Shikamoo, mwanangu!"

Mzee mwenye mvi kumwamkia binti! Fundi alicheka mpaka akashika ukuta, mara yake ya kwanza kucheka tangu atue nchi hiyo. Akakaribishwa ghorofani, juu ya duka. Akakaribishwa chai. Mzee naye akacheka.

Kikombe kikafika mdomoni. Chai ikamuunguza ulimi na wala hakuisikia.

Alitazama tena, safari hii kwa jicho la kazi. Meno manne ya juu, ya mbele, mojawapo chonge ya kushoto iliyompanda mwenzake kidogo. Hakuna fundi anayemtengenezea mtu jino lililokaa upande, ila mtu huyo awe ameomba mwenyewe. Na katika maisha yake yote ya kazi, aliyeomba alikuwa mmoja.

"Nitengenezee kama nilivyozaliwa," Dereva alimwambia siku ile, mdomo bado umevimba kwa ajali. "Nikicheka watu wajue ni mimi."

Ajali hiyohiyo, alisema, ndiyo iliyomchukua mkewe. Alilia pale pale kwenye kiti cha karakana, damu na machozi, na Fundi akamfuta vyote viwili. Aliujua mdomo wa mwanamume yule kabla ya kulijua jina la baba yake. Mwaka haukuisha wakaoana.

Na sasa mdomo huo ulikuwa wapi?

Wamemuua, Fundi aliwaza. Akageuza macho taratibu. Ukutani zilining'inia tupa za kila ukubwa, nyundo, koleo na misumeno ya kukatia chuma. Mke wa mzee, mama mnene mchangamfu asiyejua hata neno moja la lugha ya mgeni, alikuwa amesimama mlangoni. Akageuza ufunguo. Kacha! Akauchomoa, akautia kifuani, akamtabasamia.

"Mbona mnafunga?" Fundi aliuliza.

"Saa ya chakula," mzee alijibu. "Tusipofunga, wateja watapanda mpaka humu. Kunywa chai, mwanangu. Una haraka ya nini?"

Fundi alijikaza kisabuni. Angepiga kelele, nani angemsikia? Akaamua kuingilia mlango anaoujua.

"Mzee, hayo meno yanakuuma."

Mzee akashangaa. "Umejuaje?"

"Unatafunia upande mmoja. Hebu niyaone. Ndiyo kazi yangu."

Basi mzee akayachomoa, akayapangusa kwenye shati, akayaweka katika kiganja cha mgeni. Hakusita hata kidogo. Yalikuwa bado na joto.

Ilikuwa kazi ya mkono wake. Kwenye ufizi wa plastiki ulipita mstari mwembamba kama unywele, mahali alipoziba ufa siku Dereva alipong'ata mfupa kwenye harusi ya dada yake Fundi. Lakini kwa ndani mtu alikuwa ameyakwangua ovyo, kwa tupa nene, kama unavyokwanguliwa ufunguo uliogoma.

"Nani ameyafanyia unyama huu?"

"Mimi mwenyewe," mzee alisema kwa fahari, maneno yakivujia kwenye pengo. "Nimefungua kufuli zote za mtaa huu, nitashindwa na meno?"

"Meno si kofia, mzee, hayaazimwi. Ya nani haya?"

"Ya mkwe wangu."

Fundi akayafumbata meno. "Na huyo mkwe wako, amefariki?"

"Afe wapi!" Mzee akacheka na pengo lake. "Yuko kazini. Anakuja kula mchana huu, utamwona kwa macho yako."

Yu hai! Fundi aliinuka kitini. Yu hai, anapumua, anafanya kazi, anakuja kula! Nusura amkumbatie yule mzee. Furaha hiyo, msomaji, iishike vizuri maana ilidumu kwa pumzi moja. Lile neno jingine lilikuwa limechelewa ngazini, na sasa likaingia na kuketi.

"Mkwe," Fundi alisema polepole. "Maana yake amemwoa..."

"Binti yangu. Nina binti mmoja tu, roho yangu. Unadhani hii lugha yenu nimeipata wapi? Mkwe ndiye aliyenifundisha, mimi na binti. Huyu mama kichwa kigumu, hata salamu ilimshinda."

Mama aliposikia anatajwa akainamisha kichwa na kucheka. Akamsogezea mgeni mkate.

"Nipe tupa ndogo kuliko zote," Fundi alisema. "Na msasa. Nikurekebishie."

Alihitaji kuipa mikono kazi, la sivyo mikono ile ingetafuta kazi yenyewe. Akainama mezani, akaanza kusugua pale palipokuwa panamchoma mzee. Kazi ya bure, tena safi. Na mzee, kwa kuwa hakuna asiyependa kuongea mbele ya fundi aliyeinama, akaanza kusimulia.

"Mkwe wangu huyo, maskini, amepata tabu. Alikuja kwetu amevunjika vipande. Mke wake wa kwanza alikufa kwa uzazi. Yeye na kichanga chake, siku moja, kaburi moja."

Tupa ikasimama.

"Na huyo marehemu ndiye aliyemtengenezea meno hayo kwa mikono yake. Alikuwa fundi kama wewe. Sasa mkwe alipopata kazi nzuri akaweka meno ya kudumu, yale yanayochimbiwa kwenye taya. Haya akataka kuyatupa, eti yanamuumiza moyo. Nikamwambia usitupe kazi ya marehemu. Nipe mimi niyavae, nimwombee."

Sikilizeni ubaya wa mtu. Kichanga kilikufa, hilo ni kweli. Fundi alimzaa mtoto wa kike ambaye hakufikisha jioni. Dereva ndiye aliyembeba kwenda kumzika, kifurushi kidogo cha nguo nyeupe, na usiku wake wakalala chini wameshikana mikono. Msiba ule ndicho kitu walichobaki nacho pamoja, wawili wao, hata simu zilipokatika. Naye akauchukua huko ng'ambo, akauongezea maiti wa pili ili upate uzito, akaoa nao.

Tupa ikateleza ikamkata kidole gumba. Damu ikadondoka juu ya meno.

Mama akaruka. Akachana ncha ya kilemba chake, akamfunga kidole, akampuliza kama anavyopulizwa mtoto. Akidhani mgeni kaguswa na kisa, akaendelea kukisimulia kwa mikono: akabembeleza hewa kifuani, akaonyesha juu mbinguni, akajipigapiga moyo. Machozi yakamtoka. Mama wa watu alikuwa anamlilia Fundi mbele ya Fundi, kwa mapenzi yote, na Fundi hakujua amtazame wapi.

Chini mlango ukagongwa. Mama akautoa ufunguo kifuani akashuka. Zikasikika nyayo mbili, za mwanamke na za mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kupanda ngazi. Za mtoto zikasimama katikati, na mama akaita ili azihimize zipande. Akaita jina.

Lilikuwa jina kamili, lile alilopewa Fundi na bibi yake mzaa mama, ambalo kwao watu wamelisahau kwa sababu ya kumwita Fundi.

"Abee!" Fundi aliitika.

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Alilelewa hivyo, kwamba mama akiita unaitika, na hakuna mtoto wa kwao ambaye angenyamaza.

Kicheko kilichozuka pale! Binti wa mzee, mwembamba, ana vishimo mashavuni, aliingia na kapu la mboga akicheka mpaka nyanya zikamwagika. "Mgeni anaitwa kama mwanangu? Haiwezekani! Basi huyu ni somo yako, dada! Mwanangu, njoo, njoo kwa somo yako!"

Mtoto akachukuliwa, akawekwa mapajani kwa Fundi. Akamtazama mgeni kwa macho ambayo Fundi aliyajua, maana aliwahi kuyaona kwa siku moja kwenye uso mwingine, kabla hayajafumba.

"Jina hili, mimi ndiye niliyelitaka," binti alisema, akiokota nyanya. "Mume wangu alikataa kabisa, nikamshinda. Nikasema yule dada amekufa bila kuacha kitu duniani. Angalau jina lake liishi."

"Ulifanya vizuri," Fundi akasema. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitokea mbali.

Hata yeye alifanya hivyo. Kichanga chake alikipa jina la yule mke wa Dereva aliyefia ajalini, kwa huruma. Hayo hakuwahi kumwambia mtu.

Hesabu ya mtoto huyu ilikuwa nyepesi. Mimba yake ilitungwa Dereva akiwa bado anapiga simu sikukuu, akiuliza kama mvua zimenyesha.

Tangu lile "abee" mzee hakuwa amecheka. Alikuwa akitazama mikono ya mgeni, kile kidole kilichofungwa, na meno yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Mzee ambaye maisha yake yote amesikiliza vyuma vikijipanga ndani ya kufuli, kimoja baada ya kingine, hakuhitaji kuambiwa.

"Nendeni mkapakue," aliwaambia mkewe na binti. Wakatoka na mtoto, mtoto akinyoosha mikono akimtaka somo wake.

Mzee akainama mezani.

"Mwanangu. Wewe ndiye marehemu?"

Fundi akamtazama. "Mimi ndiye."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na hilo, wasomaji wangu, ndilo lililoniudhi zaidi. Ingekuwa afadhali angekuwa mtu mbaya.

"Nilikupenda ulipocheka pale chini," alisema. "Nikajiambia, huyu ni mtoto mwema. Na ulipokuwa umekufa tulikupenda pia. Mke wangu anakuombea kuliko anavyomwombea mama yake. Lakini ukiwa hai, mwanangu, utatuvunjia nyumba. Kuna ngazi ya nyuma, inatokea uani kwa majirani. Shuka sasa hivi, kabla hajaja."

"Sikuja kuvunja nyumba ya mtu. Nimekuja na swali moja. Mimi ni mke au ni mjane?"

"Umeshajua kwamba yu hai."

"Hilo ni jibu lake. Langu je?"

"Lako ni kwamba wewe umekufa," mzee alisema kwa upole, kama daktari. "Kaa hivyohivyo. Nakuomba kwa magoti. Nina binti mmoja."

"Hata mimi ni binti wa mtu, mzee."

Na hapo mluzi ukasikika ngazini.

Fundi aliujua mluzi ule. Ulikuwa ukitangulia kufika nyumbani kila jioni, na yeye akiusikia alikuwa akitua alichoshika na kupeleka mkono kichwani kurekebisha kitambaa. Mkono ukaenda wenyewe. Akaurudisha chini kwa nguvu, na ukawa unatetemeka pale mezani. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na sufuria la supu, akauona mkono ule.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amenenepa. Shati limepigwa pasi vizuri, viatu vinang'aa. Akacheka tangu mlangoni, na meno yake mapya yalikuwa meupe, yamenyooka kama vigae vya bafuni. Kilichofanya watu wajue ni yeye kilikuwa juu ya meza, mbele ya Fundi, na tone la damu.

Kicheko chake hakikuzimika, nataka mlijue hilo. Kilisimama tu, mahali pake, wakati macho yalipokuwa yakikimbia: kwa Fundi, kwa mzee, kwa binti, yakarudi.

"Tuna mgeni," binti alisema. "Anatoka kwenu! Ni fundi wa meno kama marehemu. Na jina ni hilohilo, fikiria!"

"Ajabu," Dereva alisema. "Karibu, dada. Karibu sana kwetu."

Dada! Fundi aliyemfulia, aliyemwuguza, aliyemkingia maneno ya ndugu zake. Dereva akavuta kiti, akanawa mikono, akaketi kumkabili. Akamega mkate.

"Mtazame vizuri," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Humfahamu?"

Ulikuwa mlango wa mwisho, na mzee alimfungulia mkwe wake, sijui kwa huruma au kwa woga. Angeweza kupita. Angeweza kusema neno moja tu.

Dereva akamtazama mkewe machoni, ametulia kabisa.

"Simfahamu. Na wala hafanani naye. Mke wangu nilimfukia kwa mikono hii."

"Pole," Fundi alisema. "Alikuwa anaumwa nini?"

"Ubishi," Dereva akajibu, akichovya mkate kwenye supu. "Aliambiwa akae nyumbani atulie. Hakusikia. Watu wa aina hiyo hawadumu, dada."

Mama, asiyeelewa hata neno, akamwongezea mgeni supu na kumpapasa bega.

Fundi hakulia. Machozi yalikuja mpaka kwenye kope akayarudisha, maana alijua yakianguka mwanamume yule angekula kwa raha zaidi. Akayachukua yale meno, akayaosha katika glasi ya maji, akasimama nyuma ya mzee.

"Fungua mdomo, mzee."

Yakaingia. Yakakaa pale pale, bila kucheza, kana kwamba yalipimwa kwake.

"Cheka."

Mzee hakutaka. Lakini mkono wa fundi ulikuwa begani mwake, mzito, naye akacheka. Na ule uso wa zamani wa Dereva, kile kicheko kilichompatia mke katika kiti cha karakana, kikatokea kwenye meza ile mbele ya mwenyewe. Chonge ya kushoto imepanda juu. Mkate wa Dereva ukabaki njiani.

"Sasa hayatakuuma tena," Fundi alisema. "Hayo yamepata mtu. Nimeridhika."

Alisubiri. Nisiwafiche, bado alisubiri. Alimpa mzee nafasi aseme kweli, maana mzee alikuwa amelia, na mtu aliyelia humfikirii vibaya upesi.

"Mgeni anachelewa safari yake," mzee akasema, akitazama sahani. "Msindikizeni."

Basi, wenyeji wetu wakarimu wakamtoa nje. Mama alimfungia mkate katika kitambaa safi, akambusu mashavu yote mawili. Mtoto akalia, akimng'ang'ania somo wake sketi, ikabidi abanduliwe kidole kimoja kimoja. Dereva hakusimama. Alikuwa ameanza tena kula.

Binti ndiye aliyeshuka naye, ufunguo mkononi. Walipofika chini, ndani ya duka lenye giza, chini ya mashada ya funguo zisizo na milango, binti hakufungua. Alisimama na mgongo wake mlangoni.

"Mkono wako ulitetemeka," alinong'ona. "Ulisikia mluzi ukatetemeka, kabla hata hujamwona. Wewe ndiye."

Fundi akachoka. "Mdogo wangu, nifungulie niende. Baba yako ameshaniomba. Sina ninalotaka kwako."

"Mimi ninalo." Binti alimshika mkono, ule wenye kidole kilichofungwa, akaubana mpaka ukauma. "Wiki hii mume wangu alisahau koti nyumbani. Nikampelekea kazini, kwenye maghala. Sijawahi kufika kule, hapendi niende. Nikamwambia mlinzi wa getini, mimi ni mke wa fulani. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, mama, usitutanie na mambo ya msiba."

"Msiba gani?"

"Akasema mke wa huyo bwana amefariki mwezi uliopita. Kwa homa. Akasema wote walikwenda kumpa mkono wa pole, na mkuu wao alilia."

Juu yao sahani zilikuwa zinagongana. Mama alikuwa anacheka na mjukuu.

"Nikarudi zangu na koti lake," binti alisema. Vishimo vya mashavu vilikuwa vimepotea, akaonekana mtoto kabisa. "Sijamwambia baba. Jioni aliporudi nilimpakulia chakula, akala, akaniuliza mbona umepauka, usije ukawa na homa. Dada, mimi nimeshakufa. Sasa niambie wewe uliyenitangulia. Akishakuua mdomoni, kinachofuata ni nini?"

Fundi alitaka kumwambia kinachofuata ni kimya. Simu zinakatika, basi. Alikuwa na jibu hilo tayari, maana amelilalia miaka, na kwa kiasi fulani lilikuwa la kumfariji mtu.

Kisha akamkumbuka yule mwingine. Mke wa ajali. Yule ambaye alimlilia bila kumjua, akampa kichanga chake jina lake. Mwanamke yule hakufa mdomoni. Fundi mwenyewe alikwenda kulisafisha kaburi lake, akapanda maua. Na Dereva alitoka katika ajali ile akiwa amepoteza meno manne tu, yeye ambaye barabarani, kabla na baada ya siku hiyo, hakuwahi kugonga hata mbuzi.

"Fungua mlango," Fundi alisema. "Fungua sasa hivi. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko juu. Na yeye."

Kiti kikasogezwa ghorofani. Kicheko cha mama kikakatika. Kisha mluzi ukaanza kushuka ngazi, polepole, na katikati yake sauti tamu ya mwanamume ikaita jina lile moja, la Fundi na la mtoto, na mtoto hakuitika.